Je, Kiongozi wa Mtaa Ni Lazima Asome Chuo?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mama wa watoto wawili, mkazi wa Igogo hapa Mwanza, nimehitimu kidato cha nne. Kwa muda sasa nimekuwa nikiwahamasisha majirani zangu wa mlimani tuchangie fedha na nguvu kazi ili kuzibua mitaro, kwa sababu mvua ikinyesha maji huteremka na takataka hadi kwenye nyumba za chini. Majirani wananiomba nigombee uenyekiti wa mtaa, lakini mume wangu na baadhi ya wazee wanasema nisithubutu kabla sijapata cheti cha chuo. Je, wana haki? Na kama ni kusoma, nisome nini na wapi? — Msomaji, Igogo.

JIBU: Ndugu msomaji, hongera kwa kazi unayoifanya. Sheria haikudai cheti cha chuo. Mgombea wa uenyekiti wa mtaa anatakiwa awe raia wa Tanzania mwenye umri wa miaka 21 au zaidi, mkazi wa mtaa husika, anayejua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, mwenye kipato halali cha kumwezesha kuishi, na aliyedhaminiwa na chama chake cha siasa. Nadhani wazee wako wanachanganya nafasi hiyo na ya Mtendaji wa Mtaa, ambaye ni mwajiriwa wa halmashauri na hawezi kuajiriwa bila astashahada katika fani kama utawala, sheria au maendeleo ya jamii. Mwenyekiti huchaguliwa na wakazi wenzake.

Hata hivyo, nisingependa ulichukue jibu hilo kuwa ruhusa ya kuyapuuza mafunzo. Chukua daftari la mihutasari la kikundi chochote cha mtaani ulisome. Mara nyingi utakuta sentensi moja tu: “Wananchi walikubali kuchanga.” Haielezi kila kaya itatoa kiasi gani, nani atapokea fedha hizo, mwisho wa kuchanga ni lini, wala asiye na uwezo atasaidiwaje, na mwezi mmoja baadaye watu waliokubaliana kwa moyo mmoja wanatuhumiana wizi. Kuandika azimio linalotekelezeka, kutunza stakabadhi, kuusoma mbele ya mkutano mchanganuo wa mapato na matumizi, na kuongoza kikao ambamo wapangaji na akina mama nao wanasikilizwa badala ya wenye nyumba peke yao, haya yote hufundishika, na mtu akifundishwa vizuri huokoa miaka ya migogoro.

Kwa upande wa vyuo, vipo katika Kanda yenu ya Ziwa. Vyuo vya maendeleo ya jamii vipo Misungwi na Buhare, Musoma, na kwa kawaida ngazi ya astashahada hupokea mhitimu wa kidato cha nne mwenye ufaulu wa masomo yasiyopungua manne, masomo ya dini yakiwa hayahesabiwi. Ukivuka daraja la Kigongo–Busisi utakuta Sengerema, ambako kuna Chuo cha Maendeleo ya Wananchi. Vyuo vya aina hiyo vilianzishwa nchini mwaka 1975 kwa kuiga mfano wa Sweden, vikilenga watu wazima wanaohitaji maarifa ya kutumia kwao, na hutoa pia kozi fupi.

Ushauri wangu ni kwamba uanze na kozi fupi, usiuache mlima wako kwa ajili ya kozi ndefu sasa hivi. Huko Tennessee, Marekani, ipo shule ya Highlander iliyoanzishwa mwaka 1932, ambayo ilizoea kuwapokea watu waliokwisha kuongoza makwao na kuwarudisha huko huko. Rosa Parks, Mmarekani mweusi aliyepigania usawa, alihudhuria mafunzo ya shule hiyo kiangazi cha 1955 akiwa tayari katibu wa tawi la chama cha kutetea haki za watu weusi mjini Montgomery, miezi michache kabla ya kukataa kumwachia abiria mzungu kiti chake ndani ya basi. Alikwenda na kazi mkononi, na wewe pia unayo.

Kabla ya kulipa ada, kiulize chuo mambo mawili: mafunzo kwa vitendo huchukua muda gani, na je, mwanafunzi anaruhusiwa kuyafanyia katika kata yake? Chuo kinachomfungia mwanafunzi darasani muhula mzima kitakufundisha lugha ya ofisini, na majirani zako hawataielewa. Hakikisha pia kwamba chuo kimesajiliwa na NACTVET, yaani Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi.

Uchaguzi wa serikali za mitaa wa mwisho ulifanyika Novemba 27, 2024, na hufanyika kila baada ya miaka mitano, kwa hiyo muda unao. Wakati huo huo mwone Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata yenu ili kikundi chenu kisajiliwe rasmi. Kikundi kilichosajiliwa cha wanawake chenye shughuli ya kiuchumi kinaweza kuomba mkopo usio na riba unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambamo asilimia 4 ni ya wanawake. Nenda kwake na mume wako, ajionee mwenyewe fomu hizo zinavyojazwa.