Bustani ya uani Lamu: anza na samadi ya punda

Ua wa nyumba yetu hapa Langoni ni hatua nane kwa sita, na kisima kimekula pembe moja. Hapo ndipo unapotoka mchicha, bamia, pilipili na mrehani wetu. Huu ni mwaka wa nne sijanunua mbolea wala sumu ya wadudu. Wenzangu wakiniuliza nilianzaje, hutaraji niwatajie mbegu. Mimi huwatajia punda.

Mboga nyingi za sokoni kwetu hutoka bara. Za Mpeketoni zina nafuu, lakini za mbali zaidi hulala kwenye lori, zikashushwa Mokowe, zikavuka kwa mashua, ndipo zikafika sokoni. Mchicha hauvumilii safari hiyo. Wangu naukata sufuria ikiwa tayari motoni, na nikimlisha mtoto najua jani lile halijapuliziwa kitu. Utulivu huo wa moyo siwezi kuupa bei.

Shida ya Lamu ni udongo wenyewe: mchanga uliochanganyika na chokaa inayobanduka kutani. Maji hupita humo kama kwenye chujio. Chokaa nayo huinyima mimea madini ya chuma, ndiyo maana majani machanga hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Ukitia mbolea ya chumvichumvi, mvua za masika huiosha ikazama. Na kama kisima chako kina munyu, umeongeza chumvi juu ya chumvi. Mchanga huu unataka kitu cha kushika maji, na kitu hicho kinaangushwa kila kichochoro tunachopita.

Lakini usikitie kibichi. Mwaka wa kwanza nilifanya hivyo, na miche yote ya nyanya ikababuka ndani ya juma moja. Kisha magugu yakaota kila mahali, maana tumbo la punda halisagi mbegu zote. Niliumia sana. Mama mkwe wangu, aliyekulia shambani, akaniambia: "Mwanangu, samadi hulazwa."

Basi sasa nailaza. Tabaka la samadi, tabaka la majani makavu na maganda ya mboga, kisha vumbi la makumbi ya nazi, ambalo hunywa maji na kuyatunza. Nalowesha mpaka rundo liwe na unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa, nafunika kwa gunia, na kila juma naligeuza. Siku za mwanzo ukitia mkono katikati utauona moto wake. Joto hilo ndilo linaloua mbegu za magugu na vijidudu. Baada ya miezi mitatu au minne huwa jeusi, linanukia kama ardhi iliyonyeshewa. Jivu la jikoni silitii, kwa sababu huzidisha ukali uleule wa chokaa. Matumbo ya samaki nayafukia chini kabisa, la sivyo paka wa mtaa mzima watalifukua.

Mambo mawili nayasisitiza. Muulize mwenye punda kama mnyama amepewa dawa ya minyoo karibuni. Dawa ile huweza kutoka na kinyesi na kuwadhuru wadudu wema wa udongo, kwa hiyo samadi ya siku hizo iache. Na ukiwa na kidonda mkononi vaa glavu, kwa maana vijidudu vya pepopunda hukaa kwenye kinyesi cha wanyama kama punda.

Vidukari wakija, natwanga majani ya mwarobaini, nayaloweka usiku kucha, nachuja na kutia sabuni kidogo. Hupulizia magharibi, kwa kuwa jua huivunja nguvu dawa hiyo. Miezi ya kaskazi, jua linapochoma, natandaza makuti juu ya miche.

Maharagwe nimeyaacha, hayawezi munyu wa kisima chetu. Spinachi inauvumilia vizuri, na rundo nililoanza kulilaza mwezi uliopita ni la kwake, vuli ikianguka.