Kisengerenyuma kina mwenyewe: kwa waandishi wapya wa kesi zinazofufuliwa

Wadogo zangu, rasimu zenu za tamthilia, za mtu aliyefungwa kisha kesi yake ikafunguliwa upya, nimezisoma zote, nikajikuta nacheka peke yangu kama mwehu. Si kwamba mmeandika vibaya. Mmeandika vilevile tulivyoandika sisi: mfungwa mpole, polisi mwenye roho ya nyoka, wakili kijana anayelala juu ya mafaili, na kwenye sehemu ya mwisho shahidi anayeingia mahakamani mbio akipiga kelele "Subirini!" Mkichukia mchukie, ila rasimu ya pili ije tofauti.

1. Andikeni kwanza kesi ya zamani. Kabla ya sini ya kwanza, yaani onyesho la kwanza, nataka kurasa za ile kesi iliyomtia mtu ndani: mashahidi walifuatana vipi, vielelezo gani vilipokelewa, utetezi ulisema nini na kwa nini haukuaminika. Mtu mwenye akili timamu akizisoma, amtie hatiani. Akimwachia huru ukurasa wa tatu, hamna tamthilia, mna wajinga waliovaa joho.

Nyie mnampenda polisi mwovu kwa sababu anaandikika haraka. Yupo, sikatai. Lakini itazameni kesi ya Ronald Cotton, kule North Carolina, Marekani. Alifungwa mwaka 1985 kwa ubakaji baada ya mwanamke aliyetendewa unyama ule kumtambua. Mwanamke yule hakuwa mwongo. Usiku wa tukio alijikaza kuikariri sura ya mbakaji ili aje amtambue. Kesi iliposikilizwa upya mwaka 1987, mbakaji halisi, Bobby Poole, aliletwa mbele yake mlemle mahakamani. Akasema hamjui. Vinasaba (DNA) ndivyo vilivyomtoa Cotton mwaka 1995. Haya, niambieni, nyoka katika sini ile ni nani? Hayupo. Ndiyo maana inauma kuliko polisi wenu wote mnaowavisha miwani myeusi.

2. Kisengerenyuma, yaani sini inayoturudisha kwenye yaliyopita, kina mwenyewe. Hapa nikae kidogo, maana jambo hili lilinitoa jasho. Msimu wa kwanza niliokabidhiwa chumba cha waandishi, mfungwa wetu alikuwa mhusika baridi. Kazi yake ilikuwa kusubiri tu, na mwigizaji akawa analalamika kwamba hana cha kuigiza. Nikampa zawadi: kisengerenyuma kwenye sehemu ya kwanza, usiku wa mauaji, yuko nyumbani anamtengenezea mwanawe baiskeli. Mnyororo umetoka, vidole vimejaa grisi, mtoto anazungusha gurudumu na kucheka. Nyuma yao kuna saa ya ukutani. Saa ile niliiandika mwenyewe kwenye skripti nikaipigia mstari: saa tatu na dakika kumi, wakati uleule marehemu anauawa mtaa wa pili. Nikajiona fundi. Mwongozaji akaniuliza, "Anayeyaona haya ni nani?" Nikamjibu kwa jeuri kwamba ni mtazamaji.

Hapo ndipo nilipoharibu. Kamera ikionyesha kitu bila kukitia kinywani mwa mtu, mtazamaji anakipokea kama ukweli, na ana haki. Tangu saa ile ionekane, hakuna aliyejiuliza tena kama jamaa aliua. Wakili anahangaika, mjane anatukana, mpelelezi mstaafu anakosa usingizi, na mtazamaji amewatangulia wote, anapiga miayo akingoja mahakama imfikie. Kosa hilo tuliligundua tukiwa chumba cha uhariri, tunaangalia sehemu ya nne kimya, mpaka mhariri wa picha akasema, "Hili si tunalijua tayari?"

Tukajaribu kuiondoa saa. Iko katikati ya vichwa vyao viwili, haiondoki. Tukaikuza picha ili saa itoke nje ya fremu, akatoka mtoto. Nyumba tuliyorekodia wenyewe walishaibomoa ukuta, kwa hiyo kurudia ilikuwa ndoto. Mwishowe sini nzima ikatupwa. Na kwa kuwa nilikuwa nimeirudisha baiskeli ile kwenye hotuba ya mwisho ya wakili, kwa mbwembwe zote, hotuba nayo ikabaki inaning'inia: mwanasheria mzima analia kuhusu baiskeli ambayo hakuna aliyeiona. Mwigizaji hakunisalimia mpaka msimu ukaisha.

Kumbe dawa ilikuwa kuandika juu ya sini ile: haya ni maelezo ya nani? Angesimulia mfungwa mbele ya wakili wake, tungeiona baiskeli na bado tungekuwa na wasiwasi naye. Angesimulia jirani, tungeona mgongo wa mtu na taa ya dirishani tu. Jirani alikuwa ng'ambo ya ua, saa angeionea wapi? Mwenzenu mmoja, simtaji, ameniletea kisengerenyuma kinachoonyesha kisu kikifichwa na hakuna mtu chumbani. Akae nacho, akitafutie mwenyewe.

3. Ushahidi mpya ujibu swali la jaji: siku zote ulikuwa wapi? Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 50(6), inamruhusu aliyetiwa hatiani kuiomba Mahakama Kuu kesi isikilizwe upya ikiwa rufaa ya juu kabisa aliyostahili imetupwa, au muda wa kukata rufaa umepita, na umepatikana ushahidi mpya wenye uzito. Mpya, jamani. Barua iliyokuwa kwenye faili la wakili wa utetezi tangu siku ya kwanza inaitwa uzembe. Uzembe nao unaweza kubeba msimu, lakini basi ujengeni tangu mwanzo.

4. Kungoja ni mhusika, mpeni nafasi yake. Uingereza wana tume ya kupitia kesi za namna hii, ilianza kazi mwaka 1997. Andrew Malkinson, aliyehukumiwa mwaka 2004, aliomba ikamkataa, akaomba tena ikamkataa tena, ilhali vinasaba vya mwanamume mwingine vilikuwa vimeonekana kwenye vielelezo tangu 2007. Hukumu ilifutwa mwaka 2023. Alikuwa ameshakaa gerezani miaka 17. Barua ya kukataliwa, imepigwa chapa vizuri, ina saini na lugha ya adabu, inatisha kuliko jambazi mwenye bastola. Hakuna hata mmoja wenu aliyeandika barua.

5. Haya ya haraka. Majibu ya vinasaba hayaji jioni ya siku ileile yalipoombwa. Kielelezo kinapotoka stoo, tuone aliyetia saini. Gwaride la utambuzi, pale watu wanapopangwa mstari ili shahidi amguse anayemtambua, mwandikieni mpelelezi mahali pa kusimama na maneno ya kusema, maana kikohozi chake tu chaweza kumwonyesha shahidi wa kumgusa.

6. Kufutiwa hukumu si kutangazwa msafi. Mahakama ya Rufaa ya Uingereza, kwa mfano, inauliza kama hukumu ni salama kuachwa isimame, basi. Kwa hiyo mtu wenu anaweza kutoka huru na mjane wa marehemu akaendelea kuamini kwamba ndiye. Mpeni mjane huyo sini yake mapema, kabla hatujampenda wakili, na msimfanye mkorofi. Kwa miaka yote hiyo serikali yenyewe ndiyo iliyomwambia kwamba muuaji yuko ndani.

7. Skripti isomwe na mwanasheria kabla ya kurekodi, si baada. Na wewe uliyeandika jaji wa London anagonga nyundo mpaka glasi ya maji inamwagika: majaji wa kule hawana nyundo. Glasi unaweza kuiacha.