Angalia ulaji wa umeme kwanza

Dada, umeuliza uchukue gari la umeme linalochaji haraka au linalokula umeme kidogo, kwa mizunguko ya Mwanza mjini, Buzuruga na Nyegezi, na Geita mara mojamoja. Chukua la pili.

Kasi kubwa ya kuchaji inakusaidia pale tu unapopata chaja kubwa. Nyumbani utachomeka kwenye soketi ya kawaida: volti 230, ampea 10, yaani kilowati 2.3. Ukiliacha usiku kucha kwa muda wa saa 10, ukitoa umeme unaopotea, betri inapata uniti 20 hivi (uniti moja ni kilowati-saa moja). Gari linalotumia uniti 15 kwa kilomita 100 litakupa kilomita 130 na kidogo. Linalotumia uniti 20 litakupa 100 tu, na LUKU imekatwa ileile.

Umbali wa kwenye tangazo usiumeze mzimamzima. Nissan Leaf ya kilowati-saa 40, iliyotoka Japani mwaka 2017, ilitangazwa huko kwa kilomita 400. Kipimo cha Marekani kiliipa karibu 240. Shika hiyo ndogo, tena hiyo ni betri mpya! Kwa Leaf iliyotumika, mwambie muuzaji akutumie picha ya dashibodi uhesabu vipau vya afya ya betri. Kamili ni 12. Akikwepa, achana naye.

Geita hata kwa Daraja la Kigongo–Busisi ni zaidi ya kilomita 100 kwenda tu. Panga kulala huko huku gari likichaji.