Ilani ya kubomoa: anza na kamati, si mahakama

Ndugu, umeuliza kama uende mahakamani kuzuia kaunti isibomoe chumba ulichoongeza bila kibali. Usianzie huko. Kifungu cha 72 cha Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya Kenya ya 2019 kinakupa siku 14 tangu ukabidhiwe ilani kukata rufaa kwa kamati ya kaunti ya rufaa za mipango, nayo iamue ndani ya siku 30. Wengi hukimbilia Mahakama ya Mazingira na Ardhi, kesi ikatupwa kwa kuiruka kamati, na zile siku 14 zimeshapita. Inauma kweli. Andika kwenye ilani tarehe uliyoipokea, uipige picha. Peleka pia kwa kaunti michoro ya msanifu majengo aliyesajiliwa kuomba kibali. Na simamisha ujenzi leo; kila jiwe unaloongeza linadhoofisha rufaa yako.