Friji halipozi, dukani wananionyesha mhuri

SWALI: Shikamoo anti. Mwezi uliopita nilinunua friji jipya Kariakoo, laki nne na themanini, hela ya mchezo niliyosubiri zamu yangu miezi minane. Siku ya tano tu likaacha kugandisha, linaunguruma usiku kucha na maji yanabaki vuguvugu. Nimerudi dukani mara mbili, kijana ananionyesha mhuri kwenye risiti, "mali ikishauzwa hairudishwi", eti ningesoma kabla ya kulipa. Mume wangu anasema nisamehe yaishe. Kweli sina haki? – Mama Wawili, Mbagala

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Haki unayo na wala usisamehe! Huo mhuri usikutishe, sheria ya ushindani ya mwaka 2003 inamkataza muuzaji kumdanganya mteja kuhusu haki zake, kwa hiyo kugonga mhuri hakumfutii wajibu wake. Friji jipya linatakiwa lipoze, lisipopoza una haki ya kudai watengeneze, wabadilishe au wakurudishie hela. Ingekuwa unarudisha kwa sababu rangi haijakupendeza, hapo ningekwambia tulia nalo, ila hili ni bovu.

Sasa fanya hivi, risiti ipige picha leo leo, maana zile za mashine zinafifia, ukiiacha kwenye pochi na joto hili la Dar baada ya muda unabaki na karatasi nyeupe, utadai kwa kitu gani? Jirekodi na video, friji limewashwa, glasi ya maji ndani, kesho yake rekodi tena. Halafu rudi dukani na barua nakala mbili, muulizie mwenye duka mwenyewe, yule kijana hana mamlaka ya kukurudishia hela, na akipokea asaini nakala yako na aandike tarehe. Wakigoma, peleka malalamiko Tume ya Ushindani, FCC, hao ndo wanamlinda mlaji, unaandika mwenyewe kwa Kiswahili chako hiki hiki, unaambatanisha risiti na ile nakala.

Na tafadhali sana, fundi wa mtaani asiliguse. Akishafungua hata skrubu moja dukani watasema nyie ndo mmeliharibu, na kama ulipewa kadi ya waranti nayo wataikataa.