Maswali ya Wasomaji: Vipuri vya kompyuta ya simuleta ya ndege

SWALI: Mhariri, salamu. Nataka kuunda kompyuta ya kuchezea Microsoft Flight Simulator 2024. Orodha yangu ni hii: prosesa Ryzen 7 7800X3D, ubao mama wa B550, RAM ya DDR4 vipande vinne vya GB 8, kadi ya picha RTX 4070 Super na pawa saplai ya wati 650. Je, vitashikana?

JIBU: Prosesa umeipatia. Ubao na RAM havitaingia, na bora umeuliza kabla ya kununua.

7800X3D inakaa kwenye soketi ya AM5. B550 ni ubao wa AM4, soketi yenye matundu 1,331 ya kupokea pini za prosesa. Kwenye AM5 pini ziko upande wa ubao, na prosesa yenyewe haina hata moja. Kwa hiyo hapa hakuna cha kulazimisha. Chukua ubao wa B650. Ukishaingia AM5, DDR4 imekufa: soketi hiyo hutumia DDR5 tu, na mkato wa katikati ya kipande cha RAM uko mahali tofauti, hakitakaa hata ukikisukuma.

Nunua vipande viwili vya GB 16, DDR5-6000. Vinne viache. AM5 ikibeba vipande vinne, kasi inayodhaminiwa na AMD, watengenezaji wa Ryzen, hushuka hadi 3600, na wengi wanaolazimisha zaidi ya hapo huishia na kompyuta inayozima skrini katikati ya safari. Viweke kwenye nafasi ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Kisha ingia BIOS (programu ya msingi ya ubao mama) uwashe EXPO, mpangilio unaoipa RAM kasi yake kamili, la sivyo RAM uliyoilipia kasi ya 6000 itatembea kwa 4800 au karibu na hapo.

Tahadhari moja inayowatisha wengi: mara ya kwanza kuwasha, ubao wa AM5 huipima RAM kwanza. Feni zinazunguka, skrini nyeusi tii, dakika zinapita. Usizime. Subiri hata dakika kumi kabla ya kuanza kushuku chochote.

Kwa nini tunasema prosesa umeipatia? Simuleta humtwisha mtu mmoja mzigo wa kijiji: thredi kuu (mkondo mmoja wa kazi kwenye kiini kimoja cha prosesa) ndiyo inayobeba mifumo ya ndege, trafiki na mandhari kwa pamoja, na viini vingine vinaisaidia kiasi tu. 7800X3D ina MB 96 za akiba ya L3 (kumbukumbu ya haraka ndani ya prosesa), hivyo thredi hiyo haiendi kila mara kuchota data kwenye RAM. Ukitaka kuhakikisha, washa hali ya wasanidi ndani ya mchezo na ufungue kipima fremu (idadi ya picha kwa sekunde). Kikiandika kwamba kikwazo ni MainThread, yaani thredi kuu, kadi mpya ya picha haitakuongezea fremu hata moja kwenye uwanja mkubwa wenye ndege nyingi.

Wati 650 ndicho kiwango ambacho NVIDIA, waundaji wa RTX, wanakipendekeza kwa kadi hiyo. Sisi tungeweka 750, kwa kuwa usukani, pedali na skrini za ziada huja baadaye, na kadi ijayo pia. Kama kadi yako ina plagi ya pini 16, isukume mpaka ilie “tak” na pasionekane mwanya wowote, na usiukunje waya kabla ya sentimita 3 au 4 kutoka kwenye plagi. Plagi iliyoingia nusu ndiyo inayoyeyuka.

Kabla ya kulipia kesi (sanduku la kompyuta), soma namba mbili kwenye karatasi yake: urefu wa kadi inayoruhusiwa na kimo cha kipozeo kinachopoza prosesa. Kipozeo kama Noctua NH-D15 kina kimo cha milimita 165 na hakitafungika kwenye kesi nyingi nyembamba. Huhitaji kikubwa hivyo. Cha mnara mmoja kinatosha prosesa hii.

SWALI: Nina ubao wa B450 na Ryzen 5 3600. Naweza kubadili prosesa peke yake?

JIBU: Unaweza, kwa 5800X3D au 5700X3D, na kwa simuleta utaiona tofauti. Sasisha BIOS kwanza, wakati 3600 bado iko mahali pake. Ukibadili kabla, feni zitazunguka na skrini itabaki giza. Kipozeo kidogo kilichokuja na 3600 hakitoshi. Panga bei ya kingine.

Sasa hatua inayoharibu prosesa nyingi za AM4. Gundi ya joto, iliyo kati ya prosesa na kipozeo, ikiwa baridi hushika vikali, na ukivuta kipozeo juu, prosesa hung'oka nacho huku soketi ikiwa imefungwa, pini zikapinda. Iendeshe kompyuta kwa mzigo dakika kumi ili gundi ilainike, zima, chomoa umeme, kisha zungusha kipozeo kidogo kushoto na kulia kabla ya kukiinua.

SWALI: Pedali na jostiki hupotea katikati ya safari, kisha hurudi.

JIBU: Mara nyingi ni umeme. Mlango wa USB 2.0 hutoa miliampea 500 tu. Ukichomeka habu (kigawanyi cha milango ya USB) isiyo na adapta yake na kuitwisha vifaa vinne, kimoja kitazimia. Nunua habu yenye umeme wake, au chomeka vifaa moja kwa moja nyuma ya ubao. Pia kwenye Windows zima uhifadhi wa umeme wa USB, ambao huilaza milango inayoonekana haitumiki. Rubani anayeruka saa tatu bila kugusa pedali ndiye hasa anayekamatwa na mpangilio huo.

SWALI: Nimeweka SSD ya pili ya M.2, diski yangu ya zamani ya SATA imetoweka.

JIBU: Haijafa. Kwenye mbao nyingi, nafasi ya pili ya M.2 hugawana njia na milango fulani ya SATA. Kitabu cha ubao kinasema ni ipi. Hamishia waya wa diski kwenye mlango mwingine.

SWALI: Kadi yangu ni mpya lakini napata fremu chache mno, hata nikiwa hewani peke yangu.

JIBU: Angalia waya wa skrini umechomekwa wapi. Prosesa nyingi za Ryzen 7000 zina kionyeshi chao kidogo (chipu ya picha ndani yake), hivyo ukichomeka kwenye ubao mama picha itaonekana vizuri tu, huku kadi yako ikikaa bure. Uhamishie kwenye kadi.

SWALI: Pawa saplai mpya, naweza kutumia nyaya za ile ya zamani? Zimeshapangwa vizuri ndani ya kesi.

JIBU: Hapana. Plagi za upande wa pawa saplai hufanana, lakini mpangilio wa pini hutofautiana hata kati ya modeli za kampuni moja, na diski huweza kuungua mara tu unapobonyeza swichi. Zing'oe zote, pamoja na zile zilizojificha nyuma.