Throto nne kwenye 4A-GE: tazama kamshafti kabla ya kipenyo

Mtu akishaamua kung'oa throto moja ya kiwandani (mlango wa hewa unaofunguliwa na pedali ya moto) na kufunga moja kwa kila silinda, swali la kwanza analouliza fundi ni kipenyo: milimita 42, 45 au 50? Swali hilo lilipaswa kuwa la tatu. La kwanza ni kamshafti gani, yaani shafti inayofungua valvu, imo ndani, na la pili ni kwa njia gani kompyuta itajua hewa iliyoingia. Ukiyajibu hayo mawili, kipenyo karibu kinajichagua chenyewe.

Tuchukue injini ya Toyota 4A-GE ya valvu 20, kwa sababu ni ya lita 1.6 tu, mafundi wetu wanaijua, na kiwanda chenyewe kiliifunga throto nne. Ile ya kifuniko cha fedha, Silvertop, iliyokuja na gari la Toyota la AE101, ilikuwa na throto za milimita 42 na nguvu za farasi 160. Blacktop ya AE111 ilipewa throto za milimita 45, mgandamizo wa 11 kwa 1, na farasi 165 kwenye mizunguko 7,800. Milimita tatu zaidi na mgandamizo mkubwa zaidi, lakini tofauti ni farasi watano tu. Anayetaka kununua za 50 kwa ajili ya injini hiyo hiyo ikiwa na kamshafti za kiwandani, hapo ana jibu lake.

Kama una 4A-FE, ile ya Corolla za kawaida, tunakushauri usianze na throto kabisa. Hedi yake ilibuniwa kwa ajili ya ulaji mdogo wa mafuta na nguvu kwenye mizunguko ya chini, na kamshafti zake hufunga valvu mapema. Utapata mlio mzuri, lakini nguvu itabaki karibu palepale na silensi (mzunguko wa injini bila kukanyaga pedali) itakusumbua kila asubuhi. Fedha hiyo ielekee kwenye injini nzima ya valvu 20.

Kipenyo kinahitaji hesabu kidogo. Tundu la milimita 45 lina eneo la milimita mraba 1,590. Shafti ya kipepeo, yaani bamba linalofungua na kufunga tundu, ikiwa na unene wa milimita 8, inaziba 360 kati ya hizo hata ukikanyaga moto mpaka chini. Kwa hiyo throto ya 42 yenye shafti iliyochongwa nyembamba katikati inaweza kupitisha hewa karibu sawa na ya 45 yenye shafti nene. Pima shafti kabla ya kulipia kipenyo. Upande wa pili, jumlisha matundu manne: 42 mara nne ni milimita mraba 5,540, wakati throto moja ya 55 ina 2,376 tu. Ndiyo maana gari lenye throto nne huruka ukigusa tu pedali. Tundu likizidi kuwa kubwa, robo ya kwanza ya pedali inageuka kuwa injini yote, na kuendesha kwenye foleni kunakuwa adha. Dawa ni gurudumu la kebo lenye mzingo mpana, au lenye umbo la yai linalofungua polepole mwanzoni. Lidai gurudumu hilo unaponunua, kwa sababu kulitengeneza baadaye ni kazi ya tona, fundi wa kuchonga chuma.

Wengi hununua zilizotumika, ama za 20V zenyewe ama za pikipiki kubwa. Za pikipiki ni rahisi kwa bei, ila mara nyingi zina vipepeo vya pili vya kuondoa na nafasi kati ya matundu haiendani na hedi ya gari, hivyo utahitaji kuzitenganisha na kutengeneza reli na uunganisho upya. Za umbo la Weber DCOE zina matundu mawili yaliyoachana milimita 90 kutoka katikati hadi katikati, na manifoldi zake (mifereji ya kuzifunga kwenye hedi) zinapatikana kwa injini nyingi. Ukihamisha za 20V kwenda 4A-GE ya valvu 16, jua mapema kwamba matundu ya hedi hayafanani: lazima sahani ya kuunganishia, na gasketi mbili badala ya moja.

Ukizishika mkononi, usiangalie mng'aro. Shika ncha ya shafti uitikise juu na chini. Ikicheza kiasi cha kuonekana kwa macho, hewa itapita hapo na silensi haitatulia kamwe. Funga vipepeo kabisa, elekeza tundu kwenye mwanga: unatakiwa kuona uzi mwembamba wa mwanga ulio sawa pande zote. Mwanga ukijaa upande mmoja, kipepeo kimekaa vibaya au tundu limelika. Kisha tazama skrubu ndogo zinazoshika kipepeo. Kiwandani ncha zake hupigwa zisifunguke. Ukizitoa, rudisha mpya, tia gundi ya nyuzi, na upige ncha upya. Skrubu moja ikiachia, njia yake ni moja tu, ndani ya silinda.

Sasa kompyuta, na hapa ndipo injini nyingi zinapoharibikia. Silvertop hupima hewa kwa mlango wa bawaba ulio kabla ya boksi la hewa linalofunika midomo ya throto. Maana yake ukiwa bado na kompyuta ya kiwandani huwezi kuacha tarumbeta (midomo ya kuvutia hewa mbele ya throto) wazi, kwa sababu hewa yote lazima ipite kwenye mlango ule. Blacktop husoma mgandamizo wa hewa ndani ya manifoldi. Ukiweka kamshafti kali na throto kubwa, usomaji huo unapoteza maana: ukifungua kipepeo robo tu, mgandamizo ndani unakaribia ule wa nje, na kompyuta haioni tena tofauti kati ya robo na pedali nzima. Hapo ndipo unapohamia kompyuta ya kuprogramiwa inayohesabu mafuta kwa nafasi ya kipepeo na mizunguko. Jedwali lake ligawanywe kwa ukaribu mwanzoni, kwa asilimia za kufunguka kwa kipepeo: 0, 1, 2, 3, 5, 7, 10, 15, 20, 30, 50, 100. Ukiligawa kumikumi kwa usawa, gari litamisi kwenye mwendo mdogo na hutajua sababu.

Tatizo la mfumo huo ni kwamba kipepeo hakijui mwinuko. Nairobi iko juu ya mita 1,600, na mgandamizo wa hewa ni karibu kilopaskali 83. Mombasa na Dar es Salaam ni 101. Tuseme gari limepangwa Nairobi kwa uwiano wa hewa na mafuta wa 13 kwa 1 kwenye pedali kamili. Likishuka pwani, kipepeo kilekile kinaingiza hewa zaidi kwa asilimia 22, mafuta yako palepale, na uwiano unakaribia 15.8. Kwa uwiano huo pistoni zinaweza kuyeyuka. Likipangwa pwani na kupandishwa, litafika karibu 10.7, petroli itaosha oili kwenye kuta za silinda na plagi zitakuwa nyeusi.

Kinga ni sensa ya pili ya mgandamizo, iliyoachwa wazi kwa hewa ya nje, ikisoma muda wote. Kompyuta nyingi husoma hewa ya nje mara moja tu, ufunguo unapowashwa. Hiyo haitoshi kwa mtu anayetoka Nairobi na kushuka mpaka Mtito Andei, kwenye barabara ya Mombasa, bila kuzima injini. Uliza jambo hili kabla ya kununua kompyuta, na anayekupangia mafuta akuoneshe namba ikibadilika kwenye skrini.

Breki nazo. Hidrovaki ya breki, kile kisaidizi cha pedali kinachotumia vakyumu, ilizoea vakyumu tulivu ya manifoldi moja. Usiivute kutoka silinda moja. Toa bomba dogo, milimita 4 kwa ndani, kutoka kila mfereji, yakutane kwenye kichupa kimoja, halafu valvu ya njia moja kuelekea hidrovaki. Kichupa hichohicho kiipe hewa sensa ya manifoldi, kama bado unaitumia.

Kusawazisha hufanywa injini ikiwa na moto, maji yakiwa nyuzi 85 au 90, kwa sababu reli ya aluminiamu hutanuka. Kwanza tafuta hewa inayovuja: pulizia kisafisha breki kidogokidogo kwenye ncha za shafti na kwenye gasketi, mbali na ekzosi na cheche, mizunguko ikibadilika, umepata tundu. Usiendelee kabla ya kuliziba. Kisha legeza viungo kati ya throto, weka kipimo cha mvuto wa hewa kwenye kila tarumbeta, na usawazishe zote nne kwenye silensi. Kaza viungo, panda hadi mizunguko 2,500, pima tena. Silensi ikiwa sawa lakini 2,500 ikitofautiana, kosa liko kwenye viungo. Skrubu za hewa usiziguse. Sensa ya nafasi ya kipepeo ndiyo ya mwisho kupangwa, baada ya usawazishaji, karibu volti 0.5 ikifungwa. Ukiigusa stopa baada ya hapo, jedwali lote la mafuta limehama.

Urefu wa tarumbeta, ukipima kutoka mdomoni hadi kwenye valvu, anza na milimita 350 hivi na ubadilishe kwenye daino, mashine ya kupimia nguvu ya injini.

Tarumbeta wazi kwenye barabara ya murramu hazifai. Vumbi laini linakula ukingo wa kipepeo, kisha ringi za pistoni, na injini inaanza kula oili kabla ya msimu kwisha. Soksi za sponji zilizopakwa oili zinakubalika ikiwa utaziosha baada ya kila safari ya vumbi. Boksi moja lenye filta kubwa, likivuta hewa baridi kutoka mbele ya gari, ni bora zaidi. Ukuta wa boksi uwe mbali na mdomo wa tarumbeta angalau kipenyo kimoja cha tundu: milimita 45 kwa throto ya 45. Ukiusogeza karibu zaidi, silinda iliyobanwa itapata hewa pungufu na kazi yote ya kusawazisha inavurugika.